Samaki Hana Mwenyewe

“Samaki hafugwi,” alisema baba mkubwa. “Utafuga ng'ombe, utafuga mbuzi, hata nyuki ukiwatundikia mzinga watakuja wakae. Lakini samaki hana mwenyewe. Utaweza mengi, mwanangu. Hili hutaliweza.”

Jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, alisema nitachoka kabla shimo la bwawa halijanifika magotini. Katekista wa kigango chetu, kwa upole wa kazi yake, alisema ataniweka katika maombi. Na mama yangu, ambaye ndiye aliyeitundika diploma yangu sebuleni, juu kuliko picha yake ya harusi, aliuliza kama hakuna diploma za watu wanaofanya kazi wakiwa wamekaa kivulini.

Nawataja kwa sababu walisema sitaweza, nami nikaweza, na sioni haya kulisema. Mtu aliyetoka Itetemia, hapa hapa Tabora, kwa viatu vya kuazima, akaenda Pwani kusomea ufugaji wa samaki mpaka akapewa diploma, akafanya kazi kwenye vizimba vya Ziwa Victoria hadi vidole vikakakamaa kwa baridi ya alfajiri, kisha akarudi kwao kwa hiari yake bila kufukuzwa na mtu, huyo ana haki ya kujisifu kidogo. Mimi huzidisha kidogo hicho. Mama anasema tabia hiyo nimeirithi kwa baba, ambaye alijenga choo akakizindua.

Nilichokitaka kilikuwa kipande cha bonde chini ya mashamba ya mpunga ya ukoo wetu, mahali ambapo udongo ni mweusi na unashika maji kama sufuria. Tangu baba yangu afariki, mwenye kauli juu ya bonde lile alikuwa kaka yake, yaani huyo baba mkubwa. Nikamwendea jioni, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wenye diploma wenzangu hawaliwezi.

Sitaki msomaji amwone kama mtu wa zamani. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kupanda mpunga wa mbegu mpya, na simu yake inapiga picha nzuri kuliko yangu. Kubadilika hakukuwa shida kwake. Lakini jambo la samaki lilikuwa limelala chini kabisa ndani yake, pale alipoliweka babu.

Babu alimfundisha hivi. Mvua za kwanza zikishanyesha, kambare huonekana kwenye madimbwi ambayo wiki iliyopita yalikuwa vumbi. Kule Lusu, alikozaliwa mama, ni vivyo hivyo. Watoto huwaokota kwa vikapu. Nani kawaleta? Mvua. Basi samaki ni wa mvua, kila mtu anaokota, hakuna anayemzuia mwenzake. Atakayewafungia mahali na kusema hawa ni wangu, mvua itamsusia. Wala haitamsusia peke yake. Itasusia bonde zima.

“Kwa hiyo unaona,” alisema baba mkubwa, “si kwamba nakunyima. Naogopa mpunga wa watu.”

Nikamwambia kambare hujifukia matopeni wakati wa kiangazi. Nikamwambia kuhusu mayai. Nikamwambia na mengine ambayo chuoni yalinipatia alama nzuri. Akanitazama kwa huruma.

“Nitakupa mvua mbili,” alisema. “Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, siwezi kukuambia hapana. Mvua ya pili ikikatika, nafukia shimo nalima mpunga wangu. Na nikiona mvua imeanza kutukimbia kabla ya hapo, sitangoja.”

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Masika mawili, la sivyo bwawa langu linageuka kuwa jaruba la mpunga.

Na hapa ndipo nilipoanza kuwapenda upya watu wa kwetu. Hawakuniamini hata kidogo, na walinikopesha kila kitu. Mstaafu wa reli alinipa sepetu mbili na mtaimbo mzito wa kazini kwake enzi hizo. Katekista alinipa toroli. Mama alinipa pumba zake zote za mpunga, ambazo kuku wake walikuwa wanazitegemea. Baba mkubwa mwenyewe, baada ya kunipa kipande, aliniletea na ng'ombe wake wa kukokota ili udongo usinivunje mgongo. “Usiloliweza,” alisema, “angalau usiliweze ukiwa mzima.”

Mstaafu wa reli ni Mgogo, alipangiwa stesheni ya Tabora akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na utani wake ni wa njia ile ile ya zamani, ya misafara. Alikuwa anavuta kiti mpaka ukingoni mwa shimo langu.

“Mnyamwezi bila mzigo kichwani hujisikia uchi,” aliniambia siku ya kwanza. “Mizigo ya pembe za ndovu imekwisha, sasa mnabeba udongo.”

“Na ninyi mlikuwa mnaitoza misafara hongo mtu akinywa maji yenu,” nikamjibu. “Ndiyo maana umekuja kukaa kwenye kisima changu.”

“Kikipata maji niite. Nitatoza.”

Kilipata. Mvua ya kwanza ilikuwa nzuri, bwawa likajaa, nikaweka mbolea, maji yakageuka kijani kama mlenda. Kisha nikasafiri hadi Mwanza nikarudi na vifaranga vya sato kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Nilichagua madume matupu, kwa sababu hao hukua haraka na hawajazi bwawa kwa watoto. Niliwamwaga mchana, na katika majirani wote ni mama peke yake aliyekuja kuona. Aliwaangalia wakitawanyika, wadogo kama mbegu za maboga, akasema, “Maskini. Hawajui kama wamefika Tabora.”

Kufikia katikati ya kiangazi walikuwa wamefika ukubwa wa kiganja. Nikavua sita, mama akawakaanga, nikampelekea baba mkubwa na ugali. Alikula wote. Hata wa mwisho alimnyonya kichwa. Kisha akanawa akasema, “Samaki wa Kigoma ni watamu sana.”

“Baba, hawa ni wa bondeni kwako.”

“Wa Kigoma hawa,” alisema bila ubishi, kama mtu anayekutajia siku ya wiki. “Treni imepita jana.”

Nikaenda kwa mstaafu wa reli kupata shahidi. Nilikosea njia. Yeye aliichukua hoja ile kwa furaha ya mtu aliyerudishwa kazini. Alijua treni ipi inatoka Kigoma, inabeba nini, barafu inayeyuka kufikia wapi. Tangu siku hiyo nikipita na ndoo alikuwa anatazama saa.

“Leo umechelewa, mtani. Imekwama Urambo?”

“Mzee, njoo uwaone majini kwa macho yako.”

Akaja. Nikatupa pumba, maji yakachemka kwa midomo. Mstaafu akasogea mpaka ukingoni kabisa, nami nikajua nimeshinda.

“Kwa hiyo unawanunua wakiwa hai,” alisema hatimaye. “Hiyo ni gharama kubwa, mwanangu. Mambo ya sifa yatakumaliza.”

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini nyumbani sikucheka. Nilimwambia mama kwamba samaki sita walikuwa wachache mno, na kwamba nikiwavua wengi, mbele ya watu wengi, baba mkubwa atakubali. Baba mkubwa naye alipokuja akawaona wakila pumba, akasema kambare wa mvua nao hula, nikamwambia mama tatizo ni kwamba maji ya kijani yanaficha. Ningepata wavu mkubwa. Ningewatoa nje wote, juani.

“Kila mara unasema hivyo,” alisema mama.

Sasa ninapoandika haya naona nilikuwa na imani yangu pia, niliyotoka nayo chuoni: kwamba mtu akiona, ataamini. Baba mkubwa alikuwa ameona kwa ulimi na kwa macho, asiamini, lakini imani yangu haikutikisika. Nilisema ushahidi ulikuwa mdogo. Halafu nikasema ulikuwa umefichika. Niliirekebisha dunia nzima, samaki, maji na wavu, ili nisiiguse imani yangu. Tofauti yangu na mstaafu wa reli ni kwamba yeye alikuwa anachekesha.

Mvua ya pili ikachelewa.

Anayejua bonde anajua hofu ile. Watu walikuwa wameshaandaa majaruba, mbegu zimeoteshwa kitaluni, mawingu yanakuja mchana, yanasimama juu ya mji kama wageni wasiokaribishwa, yanaondoka. Mashamba yote yalikuwa na rangi ya jivu, na katikati yake bwawa langu moja, kijani. Hakuna aliyenisema. Watu waliniamkia kama kawaida, lakini macho yao yakiteremka bondeni yalikuwa yanasimama mahali pamoja.

Asubuhi moja nilimkuta baba mkubwa ukingoni akiwa na jembe begani. Nikamwamkia. Akaitikia, na nilisikia katika marahaba yake kwamba hakuwa amelala.

“Mitaro ya kutolea maji iko upande gani?” aliuliza.

Nikamwonyesha. Ningefanya nini? Ardhi ni yake, na hofu yake haikuwa ya kujipendelea. Nilikuwa tayari kumpa hoja zote za hali ya hewa, lakini nilipomtazama niliona mzee aliyesimama kati ya mtoto wa mdogo wake na mpunga wa majirani sitini, akitafuta mahali pa kuweka jembe lake bila kumkata mtu. 

“Nakupa mpaka Jumapili,” alisema. Akaondoka na jembe bila kuligusisha ardhini.

Sikulala vizuri siku zile. Nilihesabu samaki kichwani, nikawaza nitawapeleka wapi, ndoo ngapi, nani atanikopesha ndoo. Mama aliacha kutania. Katekista, bila kuniambia, akatangaza kanisani sala ya kuomba mvua, na nilisikia baadaye kwamba alitaja “na shughuli zote zinazoendelea bondeni,” jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake lilikuwa ujasiri.

Ijumaa mvua ikanyesha. Haikuwa manyunyu. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, na Jumamosi ikarudia, na Jumapili baba mkubwa hakuonekana kwa sababu alikuwa shambani, maji yakimfika kwenye vigimbi, anapandikiza. Msimu ule mpunga wetu ulistawi kuliko wa miaka mingi.

Lakini makubaliano yalibaki pale pale. Mvua zikikatika, shimo linafukiwa. Kwa hiyo nikapanga mavuno yangu makubwa yawe mwezi Machi, Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo nusu ya mtaa haili nyama na inatafuta samaki. Nikaazima wavu wa kukokota. Nikaalika kila mtu, saa nne asubuhi, jua likiwa juu. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Hata mafrateri wawili wa seminari ya Kipalapala waliokuwa wanapita walisimamisha baiskeli zao. Baba mkubwa alikuja amevaa koti.

Tuliuvuta wavu watu wanane. Ulipokaribia ukingo maji yakaanza kurukaruka, kisha ukatoka, na pale kwenye majani kulikuwa na rundo la fedha linalopiga mikia, sato wanene, wengine wazito mno kushikwa kwa mkono mmoja. Wanawake walipiga vigelegele. Mstaafu wa reli akasimama kwenye kiti chake.

“Treni nzima!” alipiga kelele. “Na behewa la mkia!”

Nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa ameinama anawaangalia, mikono nyuma. Aliwaangalia muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo kama mtu anayepiga hesabu, na kwa kweli ndicho alichokuwa anafanya.

“Sikilizeni,” alisema, na watu wakasogea. “Samaki akifugwa, mvua inakimbia. Si ndivyo?”

“Ndivyo,” walijibu wazee wawili watatu.

“Mwaka huu mvua imekimbia?”

“Haikukimbia.”

“Basi hawa hawakufugwa.” Akanyooka. “Hawa wameletwa na mvua. Ilichelewa kwa sababu ilikuwa na mzigo.”

Nimesoma somo la mantiki katika maisha yangu, muhula mmoja, na ninakiri kwamba hesabu ile haikuwa na kasoro. Nilichokuwa nacho mimi ni kadi moja tu, na nikaitupa.

“Baba,” nilisema, “hawa wote ni madume. Wote. Niliwanunua madume matupu. Mvua itachaguaje madume?”

Alinigeukia taratibu. “Kwani Mungu hajui kuchagua?”

Watu walicheka, mafrateri wakacheka kuliko wote, nami nikafungua kinywa. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na mifuko ya nailoni nyumbani, nilikuwa na picha kwenye simu, ningemkata samaki mmoja pale pale nikawaonyesha. Mama akanishika kiwiko. Alikuwa amekuja nyuma yangu na beseni.

“Unataka bwawa,” aliniuliza kwa sauti ya chini, “au unataka baba yako mkubwa aseme mbele za watu kwamba babu yako alikosea?”

“Mama, lakini ukweli...”

“Chagua kimoja. Viwili hutapewa.”

Nimefaulu mitihani mingi, na mama anao ushahidi ukutani. Hakuna uliokuwa mgumu kama kufunga kinywa changu asubuhi ile. Nilikifunga. Nikainama nikaanza kuweka samaki kwenye ndoo kama kibarua.

Baba mkubwa alizunguka bwawa lote, akikanyaga kingo nilizoshindilia kwa miguu yangu. Alipomaliza alisimama pale pale alipokuwa amesimama na jembe.

“Mahali hapa mvua imepapenda,” alisema. “Shimo ambamo mvua inaleta samaki halifukiwi. Nani atafukia? Mimi? Mpunga nitalima kule juu.” Kisha akaninyooshea kidole. “Na wewe ulitunze. Usije ukaliacha likajaa magugu mvua ikakosa pa kutua.”

“Ndiyo, baba.”

“Lipanue kidogo upande huu.”

Ndivyo nilivyopata bwawa, na ruhusa ya la pili kabla sijaomba. Ningeweza kusema nilishinda kwa sayansi. Nikiwa mjini, nikiulizwa na wageni, ndivyo ninavyosema.

Kesho yake nikalipa madeni. Hakuna aliyenikopesha fedha, kwa hiyo hakuna niliyemlipa fedha. Nilimrudishia katekista toroli lake likiwa na samaki ndani, akasema aliniambia kwamba maombi hufanya kazi, nami nikamwambia ni kweli, aliniambia. Mama nilimletea gunia la pumba na samaki wawili juu yake. Akawapa kuku pumba kwanza. Mstaafu wa reli nilimpelekea sepetu zake, mtaimbo, na sato wanne. Aliwanusa mmoja mmoja.

“Hawana harufu ya barafu,” alisema.

“Hawana.”

“Siku hizi reli imeendelea sana.”

Baba mkubwa nilimwacha awe wa mwisho, lakini sikuhitaji kwenda kwake. Alikuja bwawani mwenyewe, kuangalia maji, alisema. Nilikuwa nimemtengea watano wakubwa kuliko wote juu ya jani la mgomba.

“Baba, hawa ni kwa ajili ya kipande chako. Na ng'ombe wako.”

“Huwezi kunilipa kwa kitu ambacho si chako.”

Nilifikiri kidogo. Nilikuwa nimeanza kujifunza lugha yake. “Basi si samaki ninaokulipa. Mvua imewaleta, mimi nimewatoa majini. Nakulipa uchovu wangu.”

Akanitazama viganja, akaona malengelenge. “Uchovu nimeuona,” alisema. “Huo ni halali yako.” Akachuchumaa akawabonyeza migongo, akawapanga upya, mkubwa mbele.

Kutoka upande wa pili wa bwawa sauti ya mstaafu ikaruka: “Mzee, hao umepokea wa treni ya saa ngapi?”

“Nyamaza wewe!” baba mkubwa alijibu, amekasirika kweli. “Treni gani inaleta samaki anayepiga mkia? Mtoto wangu amewatoa humu humu, watu wote wameona!”

Kisha akabandua utepe wa gome kwenye mti, akawatunga samaki mashavuni mmoja baada ya mwingine, akafunga fundo. Njia fupi ya kwenda kwake inapita nyuma, katikati ya majaruba, na ndiyo aliyojia. Alisimama kidogo akaitazama. Halafu akapandisha koti lake vizuri, akawainua wale sato mbali na mwili ili wasijifiche, akapita barabara kubwa.